Fedha za Duka na Fedha za Nyumba

Katika maswali yote wanayoulizana wafanyabiashara wadogo, wakiwa wamekaa barazani baada ya kufunga milango jioni, hakuna linalojibiwa kwa haraka kuliko lile la benki. Mmoja hutaja benki aliyojiunga nayo kwa sababu tawi lake liko karibu na kituo cha daladala. Wa pili husifu nyingine kwa kuwa shemeji yake ni karani humo. Wa tatu huapa kwamba haitaki benki yoyote, maadamu simu yake inapokea na kutuma fedha usiku na mchana. Na mazungumzo huishia hapo, yakageukia bei ya mzigo au mpira. Ilhali jambo lenyewe ni zito kuliko linavyochukuliwa, kwani mtu afanyaye biashara peke yake, bila ya mshirika na bila ya kampuni, akichagua akaunti isiyomfaa hukatwa kidogo kidogo, leo shilingi elfu na kesho elfu mbili, na hasara hiyo, kwa kuwa haimjii kwa mkupuo, haiandikwi katika daftari lake wala haimshtui, ijapokuwa mwaka ukiisha huwa imekwisha kula faida ya siku nyingi za kazi.

Nasema tangu mwanzo kwamba sitaitaja benki moja nikaipa taji. Swali la benki ipi ni nzuri halina jawabu mpaka litanguliwe na swali jingine, nalo ni hili: fedha za biashara yako huingia kwa njia gani, hutoka kwa njia gani, mara ngapi kwa mwezi, na kwa kiasi gani kila mara? Ajuaye jawabu la swali hilo ataweza kusimama mbele ya karani yeyote, akasoma orodha ya makato yake na kuamua kwa yakini. Asiyelijua atachaguliwa akaunti na mwingine, na huyo mwingine, hata awe muungwana kiasi gani, ana maslahi yake.

Wapo wadhanio kwamba mfanyabiashara mdogo wa nchi yetu amekaa mbali na benki kwa uzembe au kwa ujinga. Tuhuma hiyo si ya insafu. Katika Tanganyika ya Waingereza palikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyobana mikopo kwa wenyeji, ambayo kwayo deni la mwenyeji aliyekopeshwa na asiyekuwa mwenyeji halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa kwa idhini ya serikali na kwa masharti yake. Na ijapokuwa ilinenwa kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda mtu mnyonge asitumbukie katika madeni, athari yake ilikuwa kumfungia mlango, kwa maana hakuna mwenye fedha atakayemkopesha mtu asiyeweza kumdai. Mabenki makubwa ya zama hizo, Standard, Barclays, na National and Grindlays, yalifuata mkonge, kahawa, pamba na shehena za meli; mwenye kuuza samaki wa kukaanga Tanga au kofia za kushona Unguja hakuwa katika hesabu zao, naye akaweka akiba yake katika kibubu, au katika upatu wa mtaa, au kama amana kwa mwenye duka aliyemwamini. Mwaka 1966 Zanzibar ikaanzisha Benki ya Watu, na mwezi wa Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya bara yakataifishwa na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Miaka mingi ikapita kabla ya sheria ya mwaka 1991 kufungua tena mlango kwa mabenki binafsi, na kabla ya Benki ya Taifa ya Biashara kugawanywa mwaka 1997, ambapo NMB ilizaliwa ikarithi matawi mengi ya wilayani. Kisha mwaka 2008 Vodacom ikaileta M-Pesa, na watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga sakafu ya benki wakajikuta wanahawilisha fedha kutoka Kariakoo hadi Kigoma kwa kidole. Basi mfanyabiashara wetu hakukataa benki. Benki ndiyo iliyochelewa kumfikia, na ilipomfikia tayari alikuwa na desturi zake.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni cha kisheria kabla ya kuwa cha kibenki. Nilimsikia kijana mmoja wa benki akimuuliza mama muuza vitenge aliyekaa mbele ya meza yake, “Mama, akaunti hii ni yako binafsi au ni ya biashara?” Mama yule akatulia kidogo, kisha akamjibu kwa upole, “Biashara ni mimi, mwanangu.” Kijana alisita, kwa kuwa fomu yake ilikuwa na visanduku viwili na alitakiwa kutia alama katika kimoja; lakini mama alikuwa amesema maneno ambayo wakili angeyasema kwa kurasa tatu. Kwa sheria, mfanyabiashara wa peke yake na biashara yake ni mtu mmoja. Akiwa bara, aweza kwenda BRELA akasajili jina la biashara kwa sheria ya usajili wa majina ya biashara, Sura ya 213, na akiwa Unguja au Pemba atakwenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, akapewa cheti kizuri chenye muhuri. Lakini cheti kile hakizai mtu mpya. Kampuni huzaliwa ikawa na mali yake na madeni yake mbali na ya walioianzisha. Jina la biashara halina uhai huo. Duka likidaiwa, mwenye duka ndiye adaiwaye, na nyumba yake na cherehani yake na akiba ya ada za watoto wake zote zimo katika kudaiwa.

Wengi hudhani, wakisikia hayo, kwamba basi hakuna haja ya akaunti mbili. Mimi naona kinyume chake. Ni kwa sababu sheria haikuweka ukuta wowote baina ya duka na nyumba ndipo mwenyewe anapolazimika kuujenga, na akaunti ya biashara ndiyo kiambaza pekee anachoweza kukisimamisha kwa mkono wake, kama kile cha nyumba za mji mkongwe zenye duka mbele na maskani nyuma, ambazo paa lake ni moja na msingi wake ni mmoja, ila anayekuja kununua haingii jikoni. Pasipo kiambaza hicho mtu hajui kama duka linamlisha au yeye ndiye alilishaye duka. Huuza kwa laki, akanunua mkaa na unga, akamlipia mtoto nauli, akamsaidia jirani kwenye msiba, na siku ya kufunga mzigo fedha hazitoshi. Naye huilaumu biashara, kumbe biashara ilileta faida ikaliwa kabla haijaonekana.

Je, akaunti hiyo iwe kwa jina lake au kwa jina la biashara? Kwa anayeanza, mwenye wateja wa rejareja wanaolipa papo kwa papo, akaunti ya pili kwa jina lake mwenyewe yamtosha, ilimradi asiiguse kwa mambo ya nyumbani. Hufunguliwa upesi, aghalabu kwa kitambulisho cha NIDA na namba ya simu, na makato yake huwa madogo. Lakini akianza kuuza kwa shule, hoteli, taasisi au ofisi ya serikali, ambazo hulipa kwa hati na kwa jina lililoandikwa juu ya ankara, atahitaji akaunti ya jina la biashara, kwani mhasibu wa hoteli hapendi kuona ankara ya “Neema Vitenge” ikilipwa kwa jina la mtu asiyemjua. Hapo ndipo benki itakapotaka cheti cha jina, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, kitambulisho, na mara nyingine barua ya serikali ya mtaa. Na mwenye busara huzikusanya hati hizo kabla ya kuonana na karani, kwa maana waraka mmoja uliokosekana humrudisha mtu nyumbani, na siku ya kufunga duka ili kupanga foleni benki ni siku ya mauzo iliyopotea.

Kabla ya hati, hata hivyo, liwepo daftari. Namjua fundi cherehani mmoja aliyechukua daftari la shule, akalipiga mistari kwa rula, akaandika kwa mwezi mmoja kamili kila shilingi iliyopita mikononi mwake: tarehe, kiasi, imeingia au imetoka, na kwa njia gani, taslimu, simu au benki. Hakuandika faida wala hasara. Aliandika mwendo tu. Mwisho wa mwezi aliona jambo ambalo hakulitarajia, kwamba fedha zilimwingia kwa vipande vidogo vingi, karibu vyote kwa simu, zikamtoka kwa vipande vikubwa vichache, yaani kitambaa, kodi ya fremu na umeme, na katikati ya hivyo palikuwa na msururu wa vitoleo vya elfu tano na elfu kumi ambavyo vyote vilikwenda nyumbani. Kurasa zile chache zilimfaa kuliko mabango yote ya mabenki yaliyotundikwa barabarani, kwa kuwa sasa alijua anakwenda kununua nini.

Natuonyeshe kwa tarakimu, nazo ni za mfano tu, si za benki yoyote. Tuseme benki ya kwanza inakata shilingi 5,000 kila mwezi kwa uendeshaji wa akaunti, shilingi 1,000 kila unapotoa fedha, na shilingi 2,000 kila unapomlipa mtu wa benki nyingine. Benki ya pili inatangaza kwa herufi kubwa kwamba haina ada ya mwezi, lakini inakata shilingi 2,000 kila unapotoa na shilingi 5,000 kila unapopeleka benki nyingine. Muuza vitenge anayetoa fedha mara 12 kwa mwezi na kuwalipa wenye mzigo mara 2 atakatwa na benki ya kwanza shilingi 21,000, na benki ile isiyo na ada itamkata 34,000. Lakini seremala anayelipwa mara chache, akatoa fedha mara 2 tu kwa mwezi na hana wa kumpelekea, atakatwa 7,000 na benki ya kwanza na 4,000 na ya pili. Akaunti ni zile zile mbili, na kila mmoja wao akimshauri mwenzake kwa nia njema kabisa atakuwa amempoteza. Tena tazama: muuza vitenge yule yule akiacha kutoa fedha kila haja inapozuka, akajipangia posho ya nyumbani kila Jumamosi, atoe mara 4 tu, makato yake katika benki ya kwanza yatashuka hadi 13,000. Hakubadili benki wala hakuomba punguzo, alibadili desturi.

Katika kuhesabu makato usisahau kodi iliyojificha ndani yake. Tangu Julai 2016 ada za huduma za kibenki bara zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu ya hiyo upo ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo unaposoma orodha ya bei muulize karani kama kodi zimo ndani au zitaongezwa. Orodha yenyewe ni haki yako kuiona, kwani kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka taasisi imweleze mteja gharama zote waziwazi kabla hajatia sahihi. Karani akikwambia “makato ni ya kawaida tu, mama,” mwombe karatasi. Na ikitokea umekatwa usichokubaliana nacho, peleka malalamiko kwa maandishi katika benki yako kwanza, uhifadhi nakala; usiporidhika na jawabu, Benki Kuu inalo dawati la kupokea malalamiko ya wateja, na mfanyabiashara mdogo ana haki sawa na mkubwa ya kubisha hodi hapo.

Kuhusu aina za akaunti sitakawia. Iko ya akiba, ambayo hulipa faida kidogo nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na ambayo benki nyingine huiwekea mpaka wa mara za kutoa. Hiyo haifai kuwa njia ya kupitishia mauzo ya kila siku. Iko ya hundi, ambayo makarani huiita karenti, haina faida, lakini fedha huingia na kutoka humo bila mipaka na ndiyo inayoweza kupewa idhini ya kutoa zaidi ya salio wakati mzigo umefika na wateja hawajalipa. Na katikati yake mabenki yamebuni akaunti za wajasiriamali, kama ile ya NMB iitwayo Fanikiwa, zenye masharti mepesi zaidi kwa watu wa kipato hiki. Amma kwa Muislamu anayejitenga na riba, na hao pwani ni wengi, mlango uko wazi: Amana Bank ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ina tawi la taratibu hizo. Aulize kama fedha zake zitawekwa kama amana tu ya kuhifadhiwa au kwa mudharaba ambamo ana fungu katika faida na hasara, na aulize vilevile makato, kwa sababu uhalali wa mkataba hauondoi bei ya huduma.

Simu nayo isidharauliwe. Lipa namba iliyobandikwa ukutani imewaokoa wenye maduka kutokana na taabu ya chenji na noti mbovu, na mtambo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, umeyaunganisha mabenki na mitandao ya simu hata mteja mwenye fedha za mtandao mmoja amlipe mwenye akaunti kwingine. Lakini simu ni droo ya duka. Si hazina yake. Fedha zinazolala humo huwa jirani mno na mkono: mtoto akiomba, mume akiomba, rafiki akiomba, hutumwa kabla mtu hajafikiri. Tozo za miamala zilizoanza Julai 2021, ambazo zilipigiwa kelele kote nchini hata serikali ikazipunguza kwa awamu, zilitufunza kwamba njia moja ya fedha yaweza kubadilika bei kwa usiku mmoja, na mwenye njia mbili huchagua. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba mauzo yapokewe kwa simu, na kila jioni, au kila yanapofika kiasi ulichokiweka mwenyewe, yahamishiwe akaunti ya biashara. Na kabla ya kuchagua benki, jaribu uhamisho huo kwa kiasi kidogo, uone unakatwa nini na unachukua muda gani. Vilevile umtazame wakala wa benki aliye karibu na kibanda chako kuliko tawi lenyewe, kwa maana wewe utaonana naye kila siku. Kama mara kwa mara hana salio, au hufunga kabla yako, tawi zuri la katikati ya mji halitakufaa.

Liko pia suala la usalama wa fedha zenyewe. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja, Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru, kwa kuwa mitaji yake ilikuwa imepungua chini ya kiwango cha sheria, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo watu wadogo hasa, kina mama wa vikundi na wakulima, waliozichagua kwa kuwa zilikuwa za karibu nao. Bodi ya Bima ya Amana ndiyo hufidia katika misiba ya namna hiyo. Wakati ule kikomo cha fidia kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana. Sasa kimepandishwa hadi shilingi 7,500,000, na hesabu hiyo ni ya mtu katika benki moja, wala haizidi kwa kuwa na vitabu viwili humo. Mfanyabiashara ambaye salio lake halifiki kiasi hicho alale usingizi wake; anayekivuka, kwa mfano anapokusanya fedha za kuagiza mzigo, agawanye katika benki mbili.

Faida nyingine ya kiambaza kile tulichokitaja huonekana mbele ya mtu wa kodi na mbele ya mtu wa mikopo. Kwa jedwali lililotumika miaka hii ya karibuni, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hulipa kodi ya makadirio juu ya mauzo, na aliye chini ya milioni 4 halipi. Lakini mwenye mauzo baina ya milioni 4 na milioni 7 hutozwa kwa namna mbili: asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000 moja kwa moja, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi aliyeuza kwa milioni 5, akiwa na daftari na taarifa ya akaunti, atalipa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi kile kile bila ya maandishi atalipa zaidi ya mara tatu. Shilingi 70,000 hizo za tofauti pengine ni nyingi kuliko makato yote ya benki ambayo aliyaogopa. Na afisa wa mikopo, ukimwendea, neno lake la kwanza ni “mzunguko”: anataka kuona miezi kadhaa ya mauzo yakiingia na kutoka katika akaunti. Mzunguko hauwezi kutengenezwa wiki moja kabla ya kuomba. Fedha zilizokaa katika kibubu hata zikiwa nyingi hazina ushahidi, na zile zilizopita katika akaunti ya nyumbani, zikichanganyika na michango ya harusi na fedha za kutumiwa na ndugu, hazimwelezi afisa kitu, akakupa mkopo mdogo kuliko unaoustahili au akakunyima.

Limebaki jambo ambalo makarani hawalitaji na wenye maduka huliepuka, nalo ni mauti. Kwa kuwa biashara ni mtu, mtu akifa biashara husimama hapo hapo. Benki ikipata habari huifunga akaunti isitoe hata shilingi, mpaka aje msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kufika hapo hutaka cheti cha kifo, kikao cha ukoo, tangazo na siku za kungoja; ilhali mwenye mzigo anadai, mwenye fremu anadai, na watoto wa shule hawangoji. Wengine hukimbilia kadi ya marehemu na kutoa fedha kwa namba ya siri waliyoijua, na hapo huzaliwa magomvi ya ndugu yasiyokwisha, kwa sababu fedha zile tangu pumzi ya mwisho zilikwisha kuwa za warithi wote. Wala jina la ndugu wa karibu uliloliandika katika fomu ya kufungulia akaunti si wasia. Linamwambia karani ampigie nani simu, halimpi mtu huyo mali.

Kwa hiyo siku unapofungua akaunti ya biashara, uliza kuhusu akaunti ya pamoja, baina yako na mke au mume au mtoto mkubwa unayemwamini, ambayo mmoja wa wenyewe aweza kutoa peke yake, uulize pia benki hiyo hufanyaje na salio mmoja wao akifa, kwani masharti hayalingani, uweke humo kiasi cha kodi ya fremu ya mwezi na gharama ya mzigo mmoja. Na kabla hujafanya hivyo, kubalianeni mbele ya mashahidi, kwa maandishi, fedha hizo ni za nani, ili shekhe au hakimu asije akapata mushkeli baadaye katika kuzigawa. Fedha zilizobaki zikae kwa jina lako. Na katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile la mistari andika majina ya mabenki yako, namba za akaunti, namba za simu zenye fedha, wanaokudai na unaowadai, kila mmoja na kiasi chake na tarehe, usiandike namba yoyote ya siri, kisha umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali daftari lilipo, na kila mwisho wa mwezi, ukishajumlisha makato ya benki, usahihishe ukurasa huo nao.